Mwezi Nyuma ya Mlima Meru



Vijana wa madrasa yetu walisoma habari za jengo la kuchunguzia nyota la Samarkand, lililojengwa na mtawala Ulugh Beg katika miaka ya 1420, ambako mahali pa nyota zaidi ya 1,000 palipimwa na kuandikwa. Wakatuuliza: "Nasi tutazuru wapi?" Kwa kuwa sanduku la msikiti haliwezi nauli ya Samarkand, tuliwapandisha Kidia, Old Moshi, jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, mwishoni mwa Agosti, kuutafuta mwezi mwandamo.

Tulichukua dira, saa na daftari. Mwalimu wao alikwisha piga hesabu: mwezi ungezama dakika chache tu baada ya jua. Ndipo vijana walipogundua jambo ambalo sisi wazee wao hatukuwahi kulipima. Upande wa machweo umesimama Mlima Meru, wenye mita 4,562, nao huziba nyuzi 2 hivi za anga. Mbingu huzunguka uzi 1 kwa dakika 4. Basi mlima hutunyang'anya kama dakika 8.

Kijana mmoja akapaza sauti: "Nimeuona!" Mwalimu akamwuliza: upande gani, na pembe zake zimeelekea wapi? Akatazama tena, akasema kwa utulivu: "Hapana, ni ukingo wa wingu." Tukamshukuru kuliko ambavyo tungemshukuru kwa kuuona.

Tulikuwa na sababu. Miaka kadhaa iliyopita kamati yetu ilipokea kauli ya shahidi mmoja, ikatangaza Idi usiku. Baadaye hesabu ilionyesha kwamba jioni ile mwezi ulizama kabla ya jua. Ilikuwapo nyumba ambamo mume alifungua na mke akafunga, na pilau ikalala jikoni. Hatumtuhumu shahidi kwa uongo, kwani jicho lenye shauku huumba kile linachokitamani. Kosa lilikuwa letu, tusiomwuliza alitazama wapi na saa ngapi.

Wako wanaohofu kwamba hesabu itaiondoa sunna ya kuutazama mwezi. Kidia tuliona kinyume chake: hesabu iliyaelekeza macho na kuulinda ulimi. Wala si jambo geni msikitini. Katika karne ya 14 Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, alitengeneza saa ya kivuli ya mnara wake, mwaka 1371.

Tunaziomba kamati za misikiti ya mlimani na mjini ziteue vijana wawili wawili, watazame kila tarehe 29, si Shaaban na Ramadhani pekee, na waandike hata wasipoona kitu. Daftari la miezi kumi na miwili litatufaa usiku ule simu zitakapoanza kulia.

Wallahu a'lam.