Uliza kwanza, ndipo ufungue moyo



Tangu M23 iingie Goma mwezi wa 1 mwaka 2025, wengi wetu hatulale. Kutafuta psikologe wa kuongea naye kwa telefone si wazimu, wala si haya. Lakini tusitoe hata dola moja bila kuuliza.

Umesomea wapi, diploma iko wapi? Saa moja ni bei gani? Rezo ikikatika katikati, tunafanya je? Na nani mwengine atasoma maneno yangu?

Hili la mwisho ndilo kubwa. Mwaka 2023, huko Marekani, kampuni BetterHelp ililazimishwa kulipa dola milioni 7,8 juu ilipeleka habari za wateja wake kwa Facebook na wengine, kwa ajili ya matangazo. Huku kwetu, telefone inaweza kupekuliwa barabarani. Basi ongea kwa kupiga kuliko kuandika. Ukiandika, futa.

Na mawazo ya kujiua yakikuja, usingoje siku ya rendevu: mwambie mtu wa karibu, muende hospitali leo leo.

Siri yako ni haki yako. Psikologe anayekasirika juu ya kuulizwa, tumuache.