UCHAMBUZI: Nani alipie chandarua? Funzo la Kilifi

Wataalamu wa ubunifu hushikilia kwamba bidhaa mpya hufaulu ikitimiza mambo matatu: imfae mtumiaji, teknolojia yake ifanye kazi, na gharama yake iwe na wa kuilipa. Jambo hilo la tatu ndilo lililoitesa bidhaa moja ambayo Kilifi iliisaidia kujulikana duniani: chandarua kilichotiwa dawa.

Kati ya 1993 na 1995, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na washirika wake waligawa vyandarua vilivyochovywa dawa ya kuua mbu katika vijiji vya Kilifi, kisha wakavilinganisha na vijiji jirani visivyopewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa hospitalini kwa malaria kali kwa asilimia 44.

Hata hivyo, dawa hiyo ilihitaji kutiwa upya kila baada ya miezi sita. Ilipotolewa bure, wengi waliipokea. Baadaye wanakijiji walipotakiwa kuchangia gharama, idadi ya waliochovya vyandarua vyao iliporomoka. Malaria haikuwa imetoweka, wala wazazi hawakuwa wameacha kuwajali watoto wao. Kilichokosekana ni fedha mfukoni.

Teknolojia ilijibu sehemu ya tatizo. Kuanzia 2003, kiwanda cha A to Z jijini Arusha kilitengeneza vyandarua vyenye dawa ndani ya nyuzi zenyewe, inayodumu kwa miaka kadhaa, kwa utaalamu wa kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Swali la bei lilibaki.

Kenya ilijaribu kwanza kuviuza kwa bei nafuu. Kufikia mwishoni mwa 2004 kina mama waliohudhuria kliniki waliuziwa chandarua kwa Sh50. Mwaka 2006 serikali iligawa bure takriban vyandarua milioni 3.4. Katika wilaya nne zilizochunguzwa, Kwale ikiwa mojawapo, watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa waliongezeka kutoka takriban asilimia 7 mwaka 2004 hadi takriban asilimia 67 mwaka 2006. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza vigawanywe bure au kwa ruzuku kubwa.

Waliopinga walidai kwamba cha bure hakithaminiwi na kwamba vyandarua vingeishia kuvulia samaki. Utafiti wa Jessica Cohen na Pascaline Dupas magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2010, haukuona kuwa waliopewa bure walivitumia kidogo kuliko walionunua.

Lakini ugawaji wa bure una udhaifu wake. Kiwanda humsikiliza anayelipa, na anayelipa ni mfadhili, ambaye hutazama zaidi bei ya kila chandarua. Mama wa Ganze au Magarini, anayejua jinsi joto linavyomfukuza mtoto chini ya chandarua na mahali kinapoanza kutoboka, hana dirisha la duka la kupelekea malalamiko yake.

Suala hili limerudi kwa nguvu. Mbu wengi wamekuwa sugu kwa dawa ya kawaida, na mwaka 2023 WHO ilipendekeza vyandarua vyenye dawa mbili, ambavyo ni ghali zaidi. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa vita dhidi ya malaria, ilipunguza mno misaada yake ya afya. Watatokea watakaoshauri kwamba wananchi waanze kujinunulia.

Kilifi ilikwisha kulijibu pendekezo hilo katika miaka ya tisini, na wenye hasara walikuwa watoto. Afya ilipogatuliwa mwaka 2013, serikali za kaunti zilipewa bajeti na wajibu. Zikishirikiana na serikali kuu kulipia vyandarua, zitapata pia haki ya kumwambia mtengenezaji kile ambacho mama wa Magarini anakihitaji.