Mwanafunzi mwenye kifafa asirudishwe nyumbani

Shule zetu hufunguliwa mwezi Septemba, na kila Septemba wapo wazazi wanaokuja kuandikisha watoto huku wameficha jambo moja. Watataja jina la mtoto, mwaka aliozaliwa na darasa alilofikia kule ukimbizini. Hawatasema kwamba mtoto ana kifafa, ugonjwa ambao kwa Kirundi tunauita intandara. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini tujiulize: nani atafichua maradhi ya mwanawe mbele ya mtu anayeweza kumfukuza?

Nasema haya nikiwa mwalimu, na nikiwa mtu aliyesoma ukimbizini, katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania. Tulipokuwa darasa la tano, msichana niliyekaa naye dawati moja alianguka wakati wa somo la hesabu. Mwalimu wetu, mtu mwema tuliyempenda, alipiga kelele tutoke nje, tusije tukakanyaga mate yake. Tulikimbia wote, na mimi niliyekuwa karibu naye kuliko wengine nikawa wa kwanza mlangoni. Alibaki sakafuni peke yake. Alipozinduka alipewa madaftari yake, kaka yake akaambiwa amrudishe nyumbani. Hakuonekana tena shuleni. Baadaye tulisikia kwamba ameanguka motoni akipika na kuungua vibaya.

Mwalimu yule hakuwa na roho mbaya. Hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya. Tatizo ni kwamba hata mimi, nilipokabidhiwa chaki, hakuna aliyenifundisha.

Mwaka 2021 nilipokea darasani mvulana aliyehunguka na mama yake kutoka kambini. Alikuwa mpole, akisinzia asubuhi, na mara nyingine akiduwaa katikati ya sentensi. Nilimwita mvivu, na nilimwadhibu. Siku alipoanguka, mama yake alikuwa ameshavuka Mugina kwenda Manyovu na mzigo wake, na simu yake haikupatikana. Tulisimama pale, walimu sita, watu wazima, hatujui anatumia dawa gani wala tumpigie nani. Mama alipofika jioni alilia, kwa kuwa alidhani ameitwa kuchukua madaftari ya mwanawe. Ndipo akatoa karatasi ya kambini iliyokunjwa mara nne. Dawa ilikuwa fenobabitoni, na vidonge vilikuwa vimekwisha wiki iliyotangulia.

Kumbe usingizi ule wa asubuhi ulitokana na dawa. Kuduwaa kule kulikuwa kifafa chenyewe, kwa maana si kila kifafa huangusha mtu. Mtoto alikuwa akiadhibiwa kwa ugonjwa na kwa tiba yake pia.

Ndugu msomaji, kifafa si laana wala uchawi, na mate ya mgonjwa hayaambukizi. Ni ugonjwa wa ubongo. Unaweza kuletwa na matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa uchafu na kufika kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanao duniani, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni ni dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu. Sharti lake ni kutoikatiza. Anayeiacha ghafla anaweza kuanguka mfululizo, na hilo ni hatari kwa maisha yake.

Je, mwalimu afanye nini? Mtoto akianguka, atazame saa. Aondoe madawati na vitu vyenye ncha, amwekee kitu laini chini ya kichwa, amlegeze ukosi. Asimshike kwa nguvu, wala asimtie kijiko, kijiti au kidole mdomoni, wala asimpe maji. Amlaze ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri, kisha akae naye hadi azinduke, maana ataamka amechoka na ana haya. Mitukutiko ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, au akiwa ameumia, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Hayo mwalimu anaweza kuyajifunza katika kikao kimoja, na wanafunzi wanaweza kuyajifunza pia.

Lakini ujuzi huo hautoshi bila utaratibu. Kila mwanafunzi mwenye ugonjwa mkubwa, uwe kifafa, kisukari, pumu au selimundu, awe na karatasi moja katika ofisi ya mkurugenzi wa shule. Iandikwe jina la ugonjwa, dawa na saa za kuitumia, dalili za hatari, kituo cha afya kinachomfahamu, na simu za watu wawili. Mwalimu mmoja atajwe kuwa mwangalizi wake, na mwingine wa kushika nafasi yake asipokuwepo. Walimu wote wanaomfundisha waijue karatasi hiyo, na mwangalizi akihamishwa, amkabidhi mwenzake kabla ya kuondoka. Siri ya mtoto isitoke nje ya hapo bila ridhaa ya mzazi. Asizuiwe kucheza mpira na wenzake. Asimamiwe tu mtoni, ziwani na karibu na moto. Hayo yote hayahitaji mfadhili.

Kwa ndugu zetu wafanyabiashara wa mpakani tunasema hivi: simu ya pili iwe ya mtu anayebaki upande huu wakati ninyi mmevuka. Mwenye laini mbili aache namba zote mbili shuleni. Na wazazi mnaorejea kutoka kambini, ombeni karatasi ya matibabu kabla ya kupanda basi, itunzeni pamoja na vyeti vya shule, na nendeni kituo cha afya kabla kidonge cha mwisho hakijaisha. Safari ya kurudi nyumbani isiwe ndiyo safari ya kuacha dawa.

Wakuu wa elimu na wa afya nao wana lao. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2005, na mwaka 2006 yakaja matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Ni mambo mema. Lakini mtoto aliyekaa darasani ameshapita umri huo, na dawa ya kila siku inaulizia mfuko wa mama yake. Tunaomba vituo vya afya visikose dawa za kifafa, na mganga aende kwenye shule za eneo lake walau mara moja kwa mwaka kuwafundisha walimu.

Hata hivyo jambo la kwanza liko mikononi mwetu walimu. Siku ya kuandikisha, kabla ya kumwuliza mzazi kama mtoto ana ugonjwa, tumwambie kwanza kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa ajili ya ugonjwa. Akishalisikia hilo, atasema. Asipolisikia, ataficha, na sisi tutayajua maradhi siku mtoto yuko sakafuni.

Mvulana yule bado yuko shuleni. Alianguka tena mara mbili, na mara ya pili mimi sikuwepo. Wenzake ndio waliomlaza ubavu, mmoja akitazama saa. Hakuna aliyekimbia.