Sataranji ya Ridhaa na Hukumu ya Mashine

Wako wasemao kwamba mchezo wa sataranji baina ya wachezaji wawili wa ridhaa haustahili kusomwa na mtu. Hoja yao ni kuwa tangu Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov mwaka 1997, mwenye kuhukumu ni mashine; wafanyayo wanafunzi mashindanoni ni makosa matupu, na makosa hayana elimu. Naipinga rai hii, wala sitaipinga kwa upole.

Na itazamwe desturi iliyozaliwa nayo. Mchezo wa mashindano huchezwa kimya. Sheria humtaka kila mchezaji aandike kwa mkono hatua zake na za mwenziwe, wala haruhusiwi kupokea shauri la mtu. Ukisha, ilikuwa ada wachezaji kupanga kete upya na kuulizana: Mwenzangu, hapa uliogopa nini? Leo aghalabu kila mmoja hugeukia simu yake, akasoma kwamba hatua ya kumi na nane ilikuwa hasara ya vitunda vitatu, akaenda zake.

Hasara hiyo ni kweli, siibishi. Lakini mashine haijui kwa nini malkia alitupwa mbali kula kitunda cha pembeni. Yamkini mchezaji alimhofu farasi asiyekuwa na madhara. Yamkini saa ilimbakizia dakika mbili. Yamkini ni tamaa tu. Maradhi ni matatu, dawa ni tatu, na tarakimu ni ile ile moja.

Max Euwe, mwalimu wa hesabu wa Uholanzi, alishinda ubingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1928, na mwaka 1935 akamvua Alexander Alekhine taji la dunia. Mtu wa cheo hicho hakuona haya, mwaka 1963, kutoa pamoja na Walter Meiden kitabu kizima cha michezo ya bingwa na mchezaji wa ridhaa, ili makosa ya huyu wa pili yafahamike. Hawa wetu wenye dharau wamepata kuwa mabingwa wa nini?

Kiswahili kimempa mfalme wa sataranji jina la shaha, ambalo pia ni jina la mkuu wa malenga. Na malenga hujulikana kwa kujibizana. Basi vyama vya sataranji vya vyuo vikuu viamuru hivi: mchezo ukiisha, simu zikae nje nusu saa, na wachezaji wabaki mezani.