MSUMENO UMEKUFA, MSHAHARA WAKATWA

Ndugu Wafanyakazi,

Haya tumeyaona katika kazi za majengo ya reli, nasi hatuwezi kunyamaza. Jumatatu msumeno wa umeme watolewa stoo. Jumatano watoa moshi. Ijumaa nyapara asema, "Ninyi hamjui kutunza vyombo," na mwisho wa mwezi vibarua wawili wamekatwa pesa. Msumeno mwingine waletwa, wa bei ile ile, nao wafa vile vile. Je, sisi sote ni wazembe, au mpango wa kazi ndio mbovu?

Twawajibu mabwana wakubwa kwa mambo tunayoyajua kwa mikono yetu.

Kwanza, msumeno mmoja wapewa kazi ya mitatu. Ule ni wa fundi wa nyumbani, wa kukata mbao chache kisha upumzike. Sisi twautumia tangu asubuhi mpaka jioni, maana lori la zege laja na mbao za kufungia bado hazijakatwa.

Pili, umeme wavutwa kutoka kwa jenereta kwa waya mwembamba na mrefu. Nguvu yapungua njiani, mota yafanya kazi kwa taabu, yapata moto, mwisho yaungua.

Tatu, mbao zimekwisha kutumika mara nyingi, zimejaa misumari na saruji kavu. Bledi yawa butu kwa siku moja, na mpya haitolewi mpaka karatasi itiwe sahihi mjini. Hata Mhubiri katika Biblia alijua kwamba mwenye chuma butu hana budi kuongeza nguvu. Hapa nguvu inayoongezwa ni ya mota, nayo yafa.

Nne, vumbi laingia katika mota na kaboni zake zaisha, wala hapana mtu aliyewekwa kuzitazama. Kaboni mbili ni bei ndogo kuliko msumeno mpya.

Na hasara si msumeno tu. Bledi butu hukwama katika ubao, na msumeno humrukia aliyeushika. Kinga ikijaa vumbi hairudi mahali pake, bledi ikabaki wazi inazunguka. Vidole haviuzwi stoo.

Nasi tusijisifu bure. Wako wenzetu wanaoifunga kinga kwa waya ili kazi iende mbio. Huko ni kumpa nyapara fimbo ya kutupigia. Acheni!

Sasa sikieni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. La kusudi! Mota iliyochoka si kusudi la mtu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamwagiza mwajiri atunze mitambo iwe salama. Kifungu cha 14 chatutaka tumwarifu msimamizi hatari kubwa, wala tusirudishwe hapo mpaka iondolewe.

Twataka haya: msumeno wa kazi nzito na wa akiba, waya mnene, bledi mpya pale pale kazini, fundi wa kuikagua misumeno kila juma na kuandika daftarini, na vibarua warudishiwe pesa zao.

Kila aliyekatwa amletee mwakilishi wa chama hati yake ya mshahara. Mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Tukisema sote, watasikia.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa reli.