Watoto wa kando ya ziwa wafundishwe kuogelea, wenye ulemavu wakiwemo



Kufa maji ni jambo tunalolikumbuka wakati wa matanga tu. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Septemba 2018 feri ya MV Nyerere ikapinduka ikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara katika ziwa hilo hilo, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Kila mara tulijadili idadi ya abiria na ukaguzi wa vyombo, na ilikuwa haki kuyajadili. Lakini wengi wanaokufa maji hawafi kwenye feri. Wanakufa mmoja mmoja: mtoto aliyetumwa kuchota maji ziwani, kijana aliyekuwa mtumbwini akivua dagaa, mwanafunzi aliyetumbukia kwenye shimo la mchanga lililojaa maji ya mvua. Vifo vya namna hiyo haviundiwi tume. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, wengi mno wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Shirika hilo linashauri watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea, kujilinda majini na kuokoa mwingine bila kujiponza. Tukitajiwa ushauri huu tunajibu kwamba shule zetu hazina hata madawati, sembuse mabwawa ya kuogelea. Bangladesh nayo si nchi tajiri. Huko walijenga majukwaa ya mianzi ndani ya mabwawa ya vijijini, wakafundisha watoto wa miaka 4 hadi 12. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa vifo vya maji miongoni mwa waliofundishwa vilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 90 kuliko miongoni mwa wasiofundishwa. Hawakutafuta mabingwa wa mashindano. Walitaka mtoto ajue kuelea, kurudi ukingoni, na kumrushia anayezama kamba au kumnyooshea mti badala ya kujitosa. Wapo wanaohofia kichocho na mamba, na hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo sababu mahali pa kufundishia pachaguliwe na wataalamu wa afya pamoja na wavuvi wanaolijua ziwa. Kuacha kufundisha hakumwondoi mtoto majini, kwa kuwa huko anakwenda kila siku na dumu lake. Wanaohofia sitara ya wasichana watazame Nungwi, Zanzibar, ambako wasichana wamejifunza kuogelea wakiwa na mavazi ya kuwafunika mwili mzima.

Pingamizi linalonisikitisha zaidi ni kwamba mtoto mwenye ulemavu akae pembeni kwa usalama wake. Hoja hiyo imekaa kichwa chini. Mwenye kifafa yuko katika hatari kubwa ya kufa maji kuliko wenzake, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kufundishwa asiingie majini peke yake, na wenzake wafundishwe namna ya kumshika akianguka. Kiziwi hasikii filimbi, basi mwalimu akubaliane naye ishara za mkono kabla ya somo. Asiyeona aongozwe kwa kamba. Asiyeweza kutembea hubebwa na maji. Kuogelea kumekuwamo katika Michezo ya Paralimpiki tangu Roma mwaka 1960. Tena hapa Tanzania Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekataza ubaguzi katika elimu, na somo la kuokoa maisha ni elimu.

Ninachodai kinawezekana. Wizara yenye dhamana ya elimu iingize stadi hizi katika vipindi vya michezo na iwape walimu mafunzo, ikianzia visiwani Ukerewe na wilaya nyingine zinazopakana na Ziwa Victoria. Halmashauri zinakusanya ushuru wa samaki wa ziwa hilo hilo. Zitenge sehemu yake kununua maboya na kuwalipa waogeleaji wa vijijini wasaidie kufundisha.

Msomaji,
Mwanza