MINARA YA MIJI YETU NA WALE WANAOILIPIA



Yako mashindano ambayo hakuna aliyeyatangaza wala kuyawekea kikombe, lakini yanaendeshwa kila siku katika Afrika ya Mashariki. Washindani ni miji. Nairobi yaitazama Dar es Salaam, Dar es Salaam yaitazama Nairobi, Kampala na Kigali zinakaza mwendo nyuma yao, na kutoka kaskazini Addis Ababa imekwisha kuzipita zote. Kipimo ni kimoja tu: nani mwenye jengo refu zaidi katikati ya mji? Vijana wetu wanalibishania jambo hili kama wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Wanasiasa wanalitia katika hotuba zao, na kalenda za taasisi zinapambwa kwa picha za minara ya vioo inayong'aa jioni. Tukiulizwa nchi imeendelea kiasi gani, twanyosha kidole juu.

Neno letu ni fupi: kipimo hicho ni cha uongo. Tena si uongo usio na madhara. Ni uongo wenye gharama, na wanaotozwa gharama hiyo ni watu ambao hawajapata kupanda lifti ya majengo hayo hata mara moja.

1. Mashindano yasiyo na mwisho

Mwaka 1973 Nairobi ilikamilisha jumba la mikutano la kimataifa linaloitwa kwa jina la Mzee Kenyatta, lenye urefu wa mita 105. Kwa miaka mingi jumba hilo la mviringo lilikuwa fahari ya mji, na picha yake ilisafiri hata mahali ambapo Wakenya wenyewe hawakufika. Katika miaka ya 1990 likapitwa na mnara wa mita 140 uliojengwa karibu yake. Mwaka 2016 ukafunguliwa mnara wa mita 163 katika kilima cha Upper Hill, na mara baada yake ukaja mwingine unaosemwa kuwa na mita 200. Lakini hizo mita 200 zinapatikana tu ukihesabu na mlingoti uliosimamishwa kileleni. Angalieni, ndugu zangu, jinsi mashindano yanavyotufikisha mahali pa kuhesabu mlingoti kama nyumba!

Dar es Salaam nayo haikukaa kimya. Katika muda wa miaka michache kabla na baada ya 2015, minara ya mita zaidi ya 150 ilichomoza karibu na bandari: ile ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kisha ule wa mamlaka ya bandari yenyewe. Mwezi Mei 2017, huko Nairobi, likawekwa jiwe la msingi la jengo lililotangazwa kuwa litapita mita 300 na kuwa refu kuliko yote barani Afrika. Mgogoro wa ardhi ukafika mahakamani, na kazi ikasimama. Februari 2022 Addis Ababa ikafungua makao makuu ya benki yake kubwa ya biashara, mita 209, na hesabu yote ya Nairobi na Dar es Salaam ikawa ya nafasi ya pili.

Hivyo ndivyo yalivyo mashindano ya namna hii: mshindi hushangilia mpaka jirani amalize kujenga. Bwana wetu alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara kwamba sharti kwanza aketi na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Sisi tumeketi na kuhesabu ghorofa.

2. Fedha ya nani?

Atazamaye minara kwa mbali huiona imefanana. Aulizaye nani aliyeilipia huona tofauti kubwa. Nairobi, minara miwili mirefu ya Upper Hill ni ya makampuni ya bima. Fedha yake ni michango ya wateja na mitaji ya wenye hisa, na wao wana haki ya kuwauliza wakurugenzi wao. Dar es Salaam, iliyo mirefu zaidi ni ya umma: pensheni na bandari. Maana yake ni kwamba katika mashindano haya Dar es Salaam imecheza kwa fedha ya mwalimu wa Kasulu na muuguzi wa Newala, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kushindana na Nairobi.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Mfuko ule wa watumishi wa umma haukudumu. Mwaka 2018, kwa sheria ya Bunge, uliunganishwa na mifuko mingine kuwa mfuko mmoja. Serikali yenyewe ilikuwa na deni kubwa kwa ajili ya wastaafu wa zamani, na mwaka 2021 ikatoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 ili kulipunguza. Mwishoni mwa 2018 kanuni mpya za kikokotoo zilileta kilio kikubwa cha watumishi, hata Rais wa wakati huo akazisimamisha. Hatusemi kwamba minara ndiyo iliyosababisha yote hayo. Deni la Serikali lilikuwa na mizizi yake. Twasema hivi: wakati mfuko unadaiwa na wazee waliofundisha nchi nzima kusoma, kila shilingi inayofungiwa katika saruji na vioo inahitaji kutolewa hesabu mbele ya wenye nayo. Ofisi isiyo na mpangaji haimlipi mstaafu. Na tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, ni halali kuuliza wapangaji wa kuijaza minara hiyo watatoka wapi.

Tusisahau pia minara pacha ya Benki Kuu. Mwezi Mei 2010 mahakama ya Dar es Salaam ilimhukumu aliyekuwa mkurugenzi wa utumishi na utawala wa Benki hiyo kifungo cha miaka miwili kwa kutumia vibaya madaraka yake katika ujenzi huo. Kwa hiyo shaka juu ya hesabu za minara si uzushi wa watu wenye wivu; imekwisha kuthibitishwa mahakamani.

3. Inapoanguka

Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, wakati Wakristo wakijiandaa kwa ibada ya Mateso, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka. Watu 36 walikufa. Tarehe 29 Aprili 2016, huko Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa sita lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Jengo hilo lilikwisha kuwekewa alama kwamba libomolewe, na watu wakaendelea kutozwa kodi humo. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, ambako zaidi ya watu 20 walifukiwa wakafa katikati ya biashara zao.

Injili inawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4). Ijumaa Kuu ile ya Dar es Salaam peke yake ilichukua mara mbili yao. Na Yesu aliwakataza wasikilizaji wake kudhani kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine. Basi tusiwatafutie wafu makosa. Tuwatafute waliotia sahihi kibali, waliopunguza nondo na saruji, waliopita kukagua wakiwa wamefumba macho. Mji unaotaka kusifiwa kwa urefu wa majengo yake, lakini hauwezi kumhakikishia mpita njia kwamba jengo halitamwangukia, unajisifia kitu usichokiweza.

4. Yasiyoonekana katika picha

Picha ya minara hupigwa kutoka baharini au kutoka kilimani. Haipigwi kutoka bondeni. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Dar es Salaam, na vivyo hivyo wa Nairobi, wanaishi katika makazi yasiyopimwa. Jangwani si mbali na minara ya Posta. Hata hivyo Desemba 2011 maji ya Msimbazi yaliwatoa watu katika mapaa ya nyumba zao, na wengi wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi na shule. Agosti 2015, wakati minara ya bandarini ikiwa mbioni kukamilika, kipindupindu kililipuka katika mji huohuo na kuenea mikoani. Kipindupindu ni ugonjwa wa kukosa maji safi na vyoo. Hakuna mnara unaoutibu.

Mwaka 2024 mafuriko yaliwapiga watu wa Mathare na Mukuru, Nairobi, na waliookoka maji wakabomolewa nyumba zao kando ya mto. Mwaka huohuo Addis Ababa ilibomoa sehemu kubwa ya mtaa wake wa kale wa Piassa ili mji upendeze. Wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

5. Wanaotupinga

Watasema: minara inaleta ajira. Ni kweli, inaleta ajira ya miaka michache ya ujenzi. Lakini kuchimba mifereji, kulaza mabomba ya maji taka na kujenga zahanati kunaleta ajira pia, na kazi ikiisha faida yake hubaki kwa watu wote.

Watasema: ardhi ni haba, lazima tujenge kwenda juu. Tunakubali, tena kwa mikono miwili. Lakini minara tunayoshindania ni ya ofisi. Haijampunguzia mji hata familia moja inayojenga bondeni. Kama nia ni kubana ardhi, tazameni Magomeni Kota: wakazi wa zamani, kaya zaidi ya 600 zilizokuwa zimeondolewa, zilirudishwa mwaka 2022 katika majengo ya ghorofa yaliyojengwa na Serikali. Majengo hayo hayatashinda mashindano yoyote ya urefu. Hata hivyo ndiyo tungependa kuwaonyesha wageni wetu.

Watasema mwisho: nanyi Kanisa mlijenga minara. Ndiyo. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902, na mnara wake ulionekana kutoka bandarini. Leo umefunikwa na majengo yanayouzunguka, na hatulii kwa hilo. Nasi pia twapaswa kuulizwa: kila parokia inayochangisha maskini kwa ajili ya mnara mrefu kuliko wa parokia jirani imeingia katika mashindano haya haya, na haina haki ya kuihukumu Serikali.

6. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, wanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii waliomo katika parokia zetu, walimu, wauguzi, askari, waandike rasmi kudai taarifa ya kila jengo: liligharimu kiasi gani, lina wapangaji wangapi, linaingiza nini kwa mwaka. Hiyo ni mali yao. Si fadhila wanayoomba.

Pili, kila kamati ya Haki na Amani iyatambue majengo yenye nyufa na yale yanayoongezwa ghorofa bila kibali katika eneo lake, iyaripoti kwa halmashauri kwa maandishi, na itunze nakala. Huruma ilikuwa na alama ya hatari. Ilikosa watu wa kuisimamia alama hiyo.

Tatu, tunapomsikia mgombea akijivunia minara, tumwulize hadharani juu ya mfereji wa mtaa wetu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogondogo

(a) Ni nani katika jumuiya yetu anachangia mfuko wa pensheni, na anajua nini juu ya matumizi ya fedha yake?
(b) Mvua kubwa ikinyesha wiki hii, nyumba zipi katika mtaa wetu zitaingiliwa na maji kwanza? Kwa nini?
(c) Parokia yetu inajenga nini sasa? Gharama yake imehesabiwa, na nani aliyeulizwa?